PULIZA KWANZA, NDIPO UPIGE BURASHI
Utunzaji wa manyoya ya mbwa wa shambani

Katika mashamba ya skimu mbwa ana kazi yake, kama vile ng'ombe na punda walivyo na kazi zao. Usiku hulinda zizi na ghala, mchana huwafukuza nyani katika mahindi, na mgeni afikapo langoni yeye ndiye wa kwanza kutoa habari. Lakini tukitazama jinsi anavyotunzwa twaona tofauti kubwa. Ng'ombe wa maziwa huogeshwa dawa ya kupe, hupewa chumvi, na mwenyewe huijua kila alama iliyo katika ngozi yake. Mbwa huachwa na manyoya yake mpaka yawe kama mkeka uliolowa mvua.

Habari hii ni juu ya manyoya hayo, na hasa juu ya jambo moja dogo ambalo wengi hawalijui. Manyoya ya mbwa yasipigwe burashi yakiwa makavu kabisa. Yapulizie kwanza maji kidogo yenye kulainisha, kisha ndipo upitishe burashi. Na maji hayo yasitoke kamwe katika bomba la dawa ya ng'ombe, kwa sababu tutakazoeleza.

Huenda ukacheka, Bwana Mkulima, na kusema, "Je, mbwa wangu ni bibi arusi hata apulizwe marashi?" La. Ni kweli kwamba mjini ziko chupa za bei ghali zenye harufu ya maua, na wenye mbwa wa maonyesho huzitumia ili manyoya yang'ae mbele ya waamuzi. Wewe hutafuti kung'aa. Wewe wataka burashi ipite bila kuvuta, ili mbwa asimame kimya, nawe upate nafasi ya kuona yaliyo chini ya manyoya: kupe, vidonda, funza na upele. Mbwa anayevutwa manyoya kila mara huichukia burashi, hukimbia aionapo, na mwishowe huuma. Basi mwenyewe hukata tamaa, na tangu siku hiyo hakuna tena mtu aionaye ngozi ya mbwa huyo, isipokuwa nzi.

KWA NINI MANYOYA HUSOKOTANA

Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi yaliyolala juu ya mwili, hana shida kubwa. Kitambaa kilicholowa kidogo na burashi ya sisali mara moja kwa juma vyamtosha, na usipoteze shilingi zako kumnunulia chupa yoyote. Lakini siku hizi mashamba mengi yana mbwa wenye damu ya German Shepherd, ambaye Waingereza walimwita Alsatian baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuchukia jina la Kijerumani. Wengine wana damu ya Collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Mbwa hao wana manyoya ya namna mbili. Ya juu ni marefu na magumu, nayo humkinga na mvua. Ya chini ni mafupi na laini kama sufi, nayo humkinga na baridi. Katika baridi ya Kinangop au Ol Kalou hiyo ni nguo nzuri sana, lakini nguo hiyo yataka kutunzwa.

Manyoya ya chini hung'oka na kubadilika, tena yasipotolewa kwa burashi hunaswa katika yale ya juu na kufanya mafundo. Ongeza hapo mbegu za kishona-nguo, zile nyeusi zenye meno ambazo hushika hata suruali yako upitapo shambani, na tope la masika, na mafundo huwa magumu kama kamba. Mara nyingi utayakuta nyuma ya masikio, kwapani, katika mapaja ya nyuma na chini ya mkia. Chini ya fundo ngozi haipati hewa. Maji ya mvua hukaa hapo siku nyingi, ngozi hulainika na kuchubuka, kidonda hutoa harufu, na nzi hutaga mayai yake. Mbwa aliyekuwa mzima mwezi wa tatu huweza kuwa na mabuu ndani ya nyama kabla masika hayajaisha.

Ngozi ya mbwa hutoa mafuta yake yenyewe, na burashi huyasambaza mpaka kwenye ncha za manyoya. Mbwa aoshwaye kila mara kwa sabuni kali ya kufulia hupoteza mafuta hayo, kwa maana ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu. Wakati wa kiangazi, jua na vumbi huzidi kuyakausha manyoya. Ukipiga burashi wakati huo utasikia cheche ndogo ndogo, kama zile za kuvua fulana ya sufu usiku, na utaona manyoya yakisimama na kushikamana na burashi. Manyoya makavu namna hiyo hukatika katikati, na ncha zilizokatika hushikana upesi kuliko zilizo nzima. Kwa hiyo apigaye burashi manyoya makavu kwa nguvu huondoa fundo moja la leo na kupanda matatu ya mwezi ujao.

Maji ya kulainisha hufanya mambo mawili. Huondoa zile cheche, na huacha utelezi mdogo juu ya kila unywele ili unywele upite kando ya mwenzake. Katika chupa za dukani utelezi huo mara nyingi hutoka kwa silikoni, au mafuta ya sufu ya kondoo, au mafuta ya mimea. Hakuna uchawi ndani yake. Wala si dawa: hayaui kupe, hayaponyi upele, hayafukuzi viroboto.

MAJI YENYEWE

Kama duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe lina chupa iliyoandikwa kwamba ni ya manyoya ya mbwa, nunua hiyo na ufuate maandishi yake. Kama haipo, chukua kondishena ya nywele isiyo na harufu kali, ya ile namna ya kuoshwa baada ya kupakwa. Tia kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji vuguvugu yaliyochemshwa, utikise mpaka yachanganyike. Usizidishe. Wako wanaofikiri kwamba kama kijiko kimoja ni kizuri basi vitano ni vizuri zaidi. Mbwa wao huwa na manyoya ya kunata, na kila vumbi la njiani hulala juu yake. Ule uliobaki baada ya juma moja umwage, maana maji yaliyokaa huota uchafu.

Chupa iwe mpya, au iliyokuwa na maji tu, na uiandike kwa herufi kubwa: MBWA. Chupa iliyowahi kuwa na dawa ya wadudu, dawa ya magugu, au dawa ya kusafishia choo haifai hata ukiiosha mara kumi.

Jambo moja zaidi kabla hujatia kitu chochote kingine ndani. Mbwa hujilamba. Kila unachompulizia mgongoni kitafika tumboni mwake kabla ya jioni. Kwa hiyo usiongeze mafuta ya taa, wala manukato, wala yale mafuta yaitwayo tea tree ambayo huuzwa kwa ajili ya ngozi za watu. Mafuta hayo hayahusiani kabisa na majani chai ya Kericho. Hutoka katika mti wa Australia, na yakiwa makali ni sumu kwa mbwa.

JINSI YA KUFANYA

Chagua saa ambayo mbwa ametulia, baada ya kula na kutembea, mahali penye kivuli. Mbwa awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, maana kazi hii huuleta mkono karibu na meno. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na nguzo ya mpango huo ni kuchanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Asiyechanjwa apelekwe kwanza. Mtu yeyote akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Mbwa wengi huogopa ule mlio wa chupa, kwa sababu hufanana na mlio wa nyoka au wa paka mwenye hasira. Usimpulizie ghafla. Puliza hewani mbali naye mara chache, umpe kipande cha chakula, kisha sogea. Mwenye kuogopa sana mpulizie kwenye viganja vyako, halafu mpapase. Kichwani fanya hivyo siku zote, ili maji yasiingie machoni wala masikioni.

Tope likiwa bado bichi liache likauke, kisha lipukute kwa mkono. Mbegu za kishona-nguo zitoe kwa vidole. Baada ya hapo puliza ukungu mwepesi kutoka shingoni kwenda nyuma, ukishika chupa umbali wa mkono. Manyoya yawe na unyevu kama majani wakati wa umande, yasichuruzike maji. Sasa lala na sehemu moja tu. Inua manyoya kwa mkono wa kushoto mpaka uione ngozi, ushushe kidogo kidogo ukipiga burashi kutoka chini kwenda juu ya mwili, tabaka baada ya tabaka. Apitishaye burashi juu juu tu hulainisha paa huku nyumba ndani imejaa utando. Mbwa huonekana safi, na mafundo yako palepale karibu na ngozi.

Ukikuta fundo, lipulizie zaidi na ulingoje dakika tano. Lishike karibu na ngozi kwa vidole viwili, ili mvuto uishie mkononi mwako usifike kwenye ngozi yake. Lichambue kwa vidole kuanzia nchani, kisha kitana, na mwisho burashi. Lisilochambuka likatwe, lakini usitie makasi kwa kukisia, kwa kuwa ngozi huvutwa ndani ya fundo na utaikata. Pitisha kitana kati ya fundo na ngozi kwanza, ukate juu ya kitana. Na usimwoshe mbwa mwenye mafundo ukitumaini kwamba maji yatayafungua. Yakilowa na kukauka hukaza zaidi. Mafundo kwanza, kuosha baadaye.

Mahali penye kidonda, upele au ngozi nyekundu usipulize kitu. Hapo ni kazi ya daktari wa mifugo.

Katika kila tabaka tazama kupe, hasa masikioni, shingoni na katikati ya vidole. Yule kupe wa kahawia wa mbwa ni jamii nyingine na yule wa masikio ya ng'ombe aletaye ndigana, lakini naye ana magonjwa yake. Mbwa huweza kupata homa inayoharibu damu: hukataa chakula, ufizi huwa mweupe, na mkojo huwa mwekundu au mweusi kama kahawa. Huyo asingoje kesho. Kupe mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja, umtie ndani ya maji ya sabuni au spiriti. Usimponde kwa vidole, wala usimchome kwa kijinga cha moto. Tazama pia nyayo, kwa sababu funza wanaosumbua miguu ya watoto hukaa na kuzaana katika miguu ya mbwa vilevile.

BOMBA LA NG'OMBE LIKAE MBALI

Sasa twafika kwenye jambo zito. Siku ya kuwanyunyizia ng'ombe, dawa hubaki kidogo katika bomba la mgongoni, na mbwa yuko karibu akitikisa mkia. Mkulima humgeukia na kummalizia yote. Mwingine huona kupe wengi, akaichanganya kali zaidi kuliko ya ng'ombe. Mwingine, akisikia kwamba yako maji ya kupulizia manyoya, hutumia bomba lile lile kwa kuwa lina mdomo mzuri wa kutoa ukungu. Yote matatu ni hatari, na la tatu ni baya kwa sababu aliyelifanya hakujua kwamba anatia sumu. Dawa hujificha katika mpira, katika chujio na katika uzi wa kifuniko. Tena katika mashamba mengi bomba hilo hilo limekwisha kubeba dawa ya magugu.

Atabisha mtu aseme kwamba dawa yenye amitrazi hutumiwa na madaktari kwa upele fulani wa mbwa. Ni kweli, lakini daktari huipima kwa uzito na afya ya mbwa, naye humwangalia. Mbwa aliyezidishiwa dawa hiyo husinzia, huyumba kama mlevi, moyo wake hupiga polepole na mwili hupoa. Dawa za jamii ya oganofosfeti ni mbaya zaidi: mate humtoka kwa wingi, hutapika na kuhara, hutetemeka, na mboni za macho huwa ndogo sana. Katika hali hiyo saa moja ni muda mrefu. Vaa glavu, mwoshe mara moja kwa sabuni na maji mengi, mkaushe, mzuie asijilambe, umpeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa ili asome jina lake. Usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta. Mbwa asiyeweza kumeza vizuri hupaliwa, na kile ulichomnywesha huingia katika mapafu.

Ziko dawa za kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo huuzwa agroveti. Tumia hizo kwa siku yake, si pamoja na maji ya kulainisha, na usome kama zaweza kupulizwa juu ya manyoya yenye unyevu. Ikiwa una paka, fahamu kwamba permethrini, ambayo mbwa huivumilia, humwua paka. Wasilale pamoja kabla dawa haijakauka kabisa.

Yako pia mafuta machafu ya gari, ambayo bado hupakwa mbwa mwenye upele katika sehemu nyingi. Acheni desturi hiyo. Huunguza ngozi, na mbwa akiyalamba humdhuru tumboni. Upele una dawa yake ya kweli, lakini hata hapo usijidunge udaktari kwa sindano ya ivermektini iliyobaki ya kondoo. Mbwa wengi wa jamii ya Collie wana kasoro ya kuzaliwa ambayo huiruhusu dawa hiyo kuingia katika ubongo, na kipimo kisichomdhuru mbwa mwingine huweza kuwaua.

MNG'AO WA KWELI

Kuna mbwa ambao utawapulizia mwaka mzima na manyoya yao yatabaki kama nyasi za Februari. Tatizo lao liko tumboni. Ugali mtupu haujengi manyoya. Yataka nyama au samaki na mafuta kidogo. Omena iliyopikwa, yai lililochemshwa, au mabaki ya nyama bila mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika na kuchoma utumbo, vitafanya zaidi kuliko chupa yoyote. Mpe dawa ya minyoo kama daktari atakavyoelekeza. Na mahindi yaliyoota ukungu usimpe kwa kudhani kwamba mbwa hachagui. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, ndiyo iliyowapata watu 317 katika Ukambani na sehemu za jirani mwaka 2004, na 125 wakafariki. Mbwa hufa kwa sumu hiyo hiyo.

BAADA YA KAZI

Manyoya yaliyotoka na kupe uliowakusanya vichomwe, visitupwe uani. Burashi ioshwe kwa sabuni na ianikwe juani, nayo isitumiwe kwa kitu kingine. Kisha nawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla hujashika chakula au mtoto, kwa sababu mayai ya ule mnyoo mdogo wa mbwa uletao uvimbe mkubwa wa maji katika ini na mapafu ya watu hushika katika manyoya, wala hayaonekani kwa macho. Mbwa huupata mnyoo huo kwa kula maini na mapafu ya kondoo au mbuzi yenye vifuko vya maji. Siku ya kuchinja, viungo vya namna hiyo vifukiwe chini sana au vichomwe, hata mbwa akikaa kando akikutazama kwa macho ya huruma.

Mwenye manyoya marefu apigwe burashi mara mbili au tatu kwa juma, na zaidi wakati wa mvua na wakati mbegu za kishona-nguo zimekauka. Kazi hiyo ikifanywa mara kwa mara huchukua robo saa. Ikiachwa miezi mitatu itakuchukua siku nzima, nawe utahitaji mtu wa kukushikia mbwa.